Babeli Imehamia Ras Al Khor

Ghala la Vipuri,
Ras Al Khor, Dubai.

Kwako Bwana Thuwein, mwenye ghala na arbab wetu, kama tuwaitavyo mabosi huku,

MINTARAFU: SHERIA ZA BABELI ZILIZOBANDIKWA JUU YA MTUNGI WA MAJI

Natumai barua hii itakukuta u mzima, pamoja na Madam Jumana na wote wa nyumbani. Mimi ni Shem wa rafu za giaboksi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ulituambia mwenyewe kwamba lalamiko la Kiingereza huenda ofisi ya wafanyakazi, lakini la Kiswahili huja mezani kwako, kwa heshima ya marehemu bibi yako wa Unguja. Nitajitahidi basi kuandika vizuri, asije marehemu akaaibika.

Bwana, mwezi uliopita ulikwenda Al Barsha kwenye semina ya uongozi, siku mbili, hotelini. Ulirudi na kalamu za bure tukashukuru. Hatukujua kwamba umerudi pia na Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyekufa karibu miaka elfu nne iliyopita, na kwamba umemwajiri hapa kwa cheo kikubwa kuliko chetu sote. Asubuhi yake sheria zake sita zilikuwa ukutani. Ya nne inasema: "Avunjaye kitu cha arbab, na likizo yake ivunjwe."

Wiki hii taa ya mbele ya gari lako jeupe, upande wa kushoto, ilikutwa imevunjika, gari likiwa limeegeshwa karibu na rafu zangu. Likizo yangu ya Desemba ikafutwa siku ya pili. Sitaki kuingia katika suala la nani alivunja. Nataka tu ujue kilichofutwa ni nini. Binti yangu Annah alizaliwa nikiwa nimeshakuja huku, sasa ana miaka mitatu, na hajawahi kuniona ila kwenye simu. Nimeingoja Desemba hii tangu siku aliyozaliwa, na inaniuma.

Baada ya kusema hayo, malalamiko yangu ni haya:

1. Umeleta Babeli nusu. Nimesoma kwenye simu wakati wa chakula: jiwe la Hammurabi lina sheria karibu mia tatu. Wewe umechagua sita, na zote sita zinatutazama sisi. Kuna moja inayosema nyumba ikianguka na kumwua mwenyewe, aliyeijenga naye auawe. Sitaji lile bati lililoangukia friji yetu ya chakula, wala sisemi kwamba aliyelipigilia ni shemeji yako. Kuna nyingine inayosema hakimu akishatoa hukumu kisha akaigeuza, aondolewe kitini mbele za watu. Jumatatu uliiona taa ukasema, "Yalla, jambo dogo hili, khalas." Jumanne ukaigeuza. Kiti chako cha ngozi hakuna anayekitamani, Bwana, ila sheria ni msumeno.

Tena, hilo la jicho kwa jicho, ulikoitoa sheria yako ya nne, lilikuwa baina ya watu wa daraja moja. Wa chini alikuwa na hesabu yake nyingine. Kwa hiyo ama wewe na mimi tu sawa, na kuanzia kesho nile chakula changu ofisini kwako penye kiyoyozi, ama hatuko sawa, na sheria hiyo hainihusu. Chagua lolote, mimi nitaridhika.

2. Elimu yao umeiacha Al Barsha. Wababeli walihesabu kwa sitini, na kutoka kwao ndipo dunia ikapata saa ya dakika sitini. Sisi saa yetu ya chakula huanza saa sita na ina dakika arobaini. Kama tumekubali kuwa Wababeli, naomba tuwe Wababeli mpaka saa saba kamili, tumalize mchuzi.

3. Dini. Mimi ni mtu wa kanisa, na Babeli kwetu haina sifa njema. Mchungaji wetu anaitwa Zedekiya. Aliyelibeba jina hilo zamani alikuwa mfalme, na Wababeli walimng'oa macho wakamfunga minyororo. Nilipomweleza mchungaji kwamba kazini kwetu sasa tunaongozwa na Babeli, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniuliza kama nimeshaanza kutafuta kazi nyingine. Ibada nzima aliniombea kwa jina, na watu wakageuka kunitazama.

Isitoshe, juu ya lile jiwe mfalme amechongwa amesimama mbele ya mungu wao wa jua, aliyekuwa ndiye mungu wa haki. Bwana, sisi wa uwanjani husimama mbele ya jua kuanzia asubuhi. Kama jua ndilo hakimu, kesi yetu imesikilizwa vya kutosha.

4. Uchawi. Hili ni zito, na Phyllis karani ni shahidi. Nilipokaa kimya kuhusu taa, ulisema: "Kwa hiyo imejivunja yenyewe, Shem? Ni uchawi?" Hayo, kwa sheria ya pili ya lile jiwe la Hammurabi, ni mashtaka ya uchawi. Mshtakiwa hutumbukizwa mtoni. Akizama, mshtaki anachukua nyumba yake. Akitoka salama, mshtaki anauawa, na mshtakiwa anachukua nyumba ya mshtaki.

Mto hatuna. Tuna lile bwawa la hifadhi hapa jirani, wanaposimama wale ndege wa rangi ya waridi. Maji pale hayawafiki magotini, na magoti yenyewe ni yale membamba. Kwa hiyo kuzama sitazama. Suala la wewe kuuawa nimelisamehe kabisa, sisi si watu wa hivyo. Nyumba nitaipokea. Madam Jumana asihangaike kuhama, chumba cha nyuma kinawatosha nyote wawili, na jikoni mtapita wakati wowote mkibisha hodi.

5. Kofi. Kila mwaka mpya Wababeli walimpeleka mfalme wao hekaluni, kuhani akamvua taji, akamzaba kofi la shavu. Machozi yakitoka, mwaka utakuwa mwema. Yasipotoka, ni balaa kwa wote. Mwaka mpya unakaribia na sijaona tangazo lolote ukutani. Kuhani hatuna, lakini Phyllis amejitolea, na hataki malipo ya ziada. Amesema atahakikisha machozi yanatoka, kwa faida ya kampuni.

Kwa hayo yote naomba moja kati ya mawili: ama Babeli nzima iletwe, na bwawa lake na kofi lake, ama ile karatasi ishuke ukutani na likizo yangu irudi.

Nisalimie Madam Jumana, watoto, shemeji yako wa mabati, na mwalimu wa semina ukimwona. Phyllis anakusalimu. Vijana wote wa rafu wanakusalimu, nao wamesimama nyuma yangu nikiandika, ila wamesema wasitajwe majina.

Wako mtiifu katika kazi, kwa sheria yoyote itakayokuwepo,

Shem
Rafu za Giaboksi

N.B. Taa niliivunja mimi. Annah alikuwa amemwuliza mamake kama baba ana miguu, kwa sababu kwenye simu hajapata kuniona chini ya kifua. Nikaiegemeza simu kwenye kioo cha gari lako, nikarudi nyuma hatua kwa hatua ili nionekane mzima, nikasahau kwamba nimebeba ekzosi, lile bomba refu la moshi, begani. Aliiona miguu akapiga makofi. Nikageuka kumwonyesha na visigino, ndipo ekzosi ikagonga taa.

Taa nyingine nimekufungia jana mchana, na umekwenda nayo nyumbani bila kugundua. Imetoka rafu ya saba, ambayo pia ni yako, lakini Wababeli hawakusema taa itoke wapi. Suala la bwawa naomba tuliache, kwa maana sina hakika tena na yale maji. Nyumba baki nayo. Na kama bado unaona likizo ivunjwe, naomba umpigie Annah umweleze wewe mwenyewe, kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu mimi nimejaribu mara mbili nikashindwa.