Maji Matamu ya Betri za Akoru

Jumatatu, 3 Machi 2025
Akoru amekuwa fundi wa sola wa zahanati ya Lopur! Binti yangu! Sasa ndiyo nakusalimia, daftari: ejok. Yuko kwa majaribio hadi mwisho wa mwezi, halafu kazi ya kudumu. Ufunguo wa chumba cha betri ni wake peke yake. Ameutilia sahihi. Mtu mwingine akiushika, kazi imekwisha. Nilimwambia jirani yangu Immaculée kabla hajatua kuni kichwani. Akajibu eti mwanawe Déo anafunga sola kule kambi ya wakimbizi mwaka wa pili sasa na yeye hajampigia mtu kelele. Wivu!

Jumatano, 5 Machi
Akoru hali chakula. Betri zimepungukiwa maji. Eti zinataka maji yao ya dukani, na lori limekwama Lodwar, mto umejaa. Maji ya duka! Na kisima tunacho! Nikamwambia. Akasema mama, hapana, yale yana chumvi. Chumvi gani? Nimemlea kwa maji hayo hayo, na ona alivyo fundi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefanya! Akoru alipanda paani kufuta vumbi, akaniachia koti nimshikie. Ufunguo mfukoni. Kama si Mungu ni nani? Kwa mtungi wangu wa njano wa maji ya kisima nikajaza betri zote mpaka zikatapika. Ufunguo nikaurudisha. Sijamwambia. Nataka ashangae.

Jumamosi, 8 Machi
Ameshangaa. Betri zimekufa. Friji imezima, chanjo zote za surua zimeharibika, na surua yenyewe imeshafika maboma ya karibu. Akina mama waliotembea tangu alfajiri wamerudishwa na watoto wao mgongoni. Immaculée alikuwa kwenye foleni na mjukuu wake, Inès. Hakunicheka. Alisema tu, pole, mama Akoru. Afadhali angenicheka.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikuimba. Akoru aliuona mtungi wangu wa njano nyuma ya mlango wa betri. Hakupiga kelele. Alitazama mikono yake. Kisha akasema ameshamwambia bosi wake wa Lodwar kwamba maji aliyatia yeye, kwa kukosea. Kosa la kwanza, huenda wakamwonya tu. Ila habari ya ufunguo isitoke kinywani mwangu. Niapie, mama. Nikaapa. Chai yake ilipoa pale pale.

Jumatatu, 10 Machi
Mto umepungua, barua imekuja. Akoru akajieleze ofisini Lodwar. Mtoto wangu abebe kosa ambalo si lake, na mimi mama yake ningali hai? Sitaki! Nitasimama mbele ya bosi nimweleze nilivyouchukua ule ufunguo kwa mkono wangu huu. Na mtungi naubeba, maji yale yale, bosi aonje mwenyewe kama yana chumvi. Kwaya nzima ya kanisa inakuja, Achai mwimbishaji wetu ataanzisha wimbo. Immaculée aliniuliza mara mbili kama Akoru anajua. Hajui! Nataka ashangae. Alhamisi, saa tatu asubuhi, Lodwar, wote.