Mpanda Farasi wa Kirumi, Edmonton

Jumanne, 3 Juni 2025

Leo nimekuwa mtaalamu wa Roma. Imebidi. Makumbusho ya hapa Edmonton yanatafuta mtu mmoja wa kueleza kwa Kiswahili, siku ya familia tarehe 14, ile kofia ya chuma ya askari wapanda farasi, yenye kinyago kinachofunika uso mzima. Mtu mmoja tu! Nafika, namkuta Zephaniah keshakaa. Zephaniah, nesi wa Kikenya ninayesali naye kanisa moja, anayejua kila kitu tangu azaliwe. Alikuwa akimweleza Emma, dada anayepanga shughuli za makumbusho, kwamba kinyago kilikuwa pambo la gwaride, maana hakuna anayevaa sura ya bati vitani akaona kitu. Papo hapo nikasema kilikuwa cha vita. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na hasira. Emma akasema turudi Jumanne ijayo, kila mmoja ajieleze, naye atachagua.

Nimemwambia binti yangu Irene. Kauliza, kwa Kiingereza, kama ni lazima aje. Ana miaka kumi na mitatu na hajawahi kuniona nimeshika kipaza sauti ila nikiombwa nikirudishe. Safari hii lazima anione.

Jumatano, 4 Juni

Nimesoma! Kule Ujerumani kinyago kimoja kilifukuliwa mahali palipopiganwa vita. Zephaniah kwisha! Kisha nikasoma ukurasa uliofuata: mwandishi mmoja wa kale anavitaja vinyago kwenye michezo ya farasi. Ukurasa huo nimeufunga.

Jioni nimekata debe la mafuta ya kula, nikatoboa macho na mdomo, nikalifunga kwenye helmeti kuukuu ya pikipiki. Mbele naona vizuri ajabu. Chini sioni kitu. Nimeangusha meza ya kupigia pasi, pamoja na pasi. Si hoja. Mpanda farasi haangalii miguu yake, miguu ni ya farasi.

Alhamisi, 5 Juni

Jaribio la vita. Nimesonga ugali nikiwa ndani ya kinyago. Humu nyumbani hakuna vita vingine vyenye moto, mvuke, jasho na adui anayerusha. Tone la uji wa moto liliruka likanipiga shavuni. Nikasikia ti! Basi. Sura salama! Pumzi tu ndiyo ilinibana.

Mama Irene kasema ugali una madonge, na kwamba si vizuri mtu mzima kutisha watoto mezani. Irene hakutishika. Alicheka, kisha akajifanya hakucheka.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu! Aibu tupu!

Gurpreet wa mtaa wa Kenton, mzaliwa wa Kisumu, anakodisha farasi mweupe kwa mabwana harusi wa Kihindi, ambao kwa desturi hufika ukumbini juu ya farasi. Nilimwomba dakika chache kabla ya harusi ya leo, kwenye maegesho ya ukumbi. Akaniambia mimi ni kichaa kabisa, lakini nipande. Nikamwalika Zephaniah awe adui, anirushie viazi, ajionee. Irene nikamleta awe shahidi.

Viazi vitatu vilinigonga usoni. Sikupepesa! Ndipo ngoma za harusi zikaanza kupigwa barabarani. Farasi yule amefundishwa jambo moja maishani: akisikia ngoma, aende taratibu mpaka mlangoni. Akaenda. Nikavuta hatamu. Nikamsemesha Kiswahili, Kiingereza, Kihaya. Akaenda. Akina mama wakanimwagia maua. Shangazi mmoja wa bwana harusi, mwenye sinia, akanipaka rangi nyekundu ya baraka kwenye paji la bati. Vijana wakacheza mbele yangu. Bwana harusi mwenyewe, Arjun, kasimama mlangoni na kilemba chake, hana farasi.

Zephaniah karekodi yote. Akaniuliza: farasi, ngoma, maua, kama si gwaride ni nini hiyo, bwana? Gurpreet kanitukana kwa Kiswahili ambacho sijakisikia tangu niondoke Bukoba. Kwenye basi Irene alikwenda kukaa kiti cha mbali nami. Hilo ndilo limeniuma.

Jumanne, 10 Juni

Nilitaka nisiende. Irene akasema niende, na baada ya shule akanifuata.

Zephaniah akaonyesha video. Emma akacheka hadi machozi. Nikajua nimekwisha. Kisha Emma akaniuliza niliona nini mle ndani. Nikamwambia kweli. Nilimwona shangazi na sinia lake, niliuona uso wa Arjun, mlango niliuona vizuri mno. Pembeni sikuona, ngoma zilisikika kama ziko mbali, pumzi ilinibana, viazi havikuuma. Emma akasema wataalamu wenyewe bado wanabishana, na kati yetu ni mmoja tu aliyewahi kuhema mle ndani juu ya farasi.

Kipaza sauti ni changu! Sharti moja: nieleze pande zote mbili, na nisiseme nisilolijua. Nimeapa.

Jumamosi, 14 Juni

Ukumbi ulijaa. Nimeeleza pande zote mbili, kwa adabu kabisa. Irene alikaa mbele. Nikamsikia akimwambia rafiki yake, kwa Kiingereza, kwamba yule ni baba yake. Nilifurahi kupita kiasi.

Halafu mama mmoja akauliza askari walikunywaje bila kuvua kinyago. Nikasema walitumia mrija, na kwamba kabla ya vita kila askari alikunywa uji wa mtama. Sijui nimeyatoa wapi. Makofi! Zephaniah akasimama akasema huo ni uongo. Emma akafumba macho.

Uongo? Mimi? Nimeshanunua mirija. Kesho baada ya ibada, mbele ya waumini wote, nitakunywa uji wa moto nikiwa ndani ya kinyago, na Zephaniah atanyamaza. Irene kaja jikoni sasa hivi. Kaniuliza, kwa Kiswahili, kama uji utiwe sukari.