Simu Yenye Masikio

Jumatatu, 3 Machi
Simu mpya imefika. Kaituma binti yangu kutoka huko mbali anakofanya unesi. Mwaka wa pili huu sijamtia machoni. Kuanzia leo jirani yangu Mama Pacha haniandikii tena ujumbe. Yule nikimwambia amsalimie mwanangu, anaongeza na salamu zake, na majibu anayasoma kwa sauti mpaka yanafika ngazini. Mpango wangu: nimwambie mwanangu kwamba mguu unaniuma. Nesi gani ataacha mguu wa mama yake? Atakuja.

Jumanne, 4 Machi
Herufi zimenishinda. Ndogo kama punje za mtama! Na gumba langu la fundi cherehani lina sugu la mkasi. Nikigusa moja zinaitika tatu. Saa nzima nimepata nusu ya neno. Nikalifuta kwa bahati mbaya.

Jumatano, 5 Machi
Nimegundua kipaza sauti! Unakigusa, unaongea, simu inaandika yenyewe. Nikaongea kwa kilio kidogo: mguu, ngazi, usingizi sipati. Mama Pacha akasikia ukutani, akaja mbio na pole zake, akauliza ni mguu upi. Nikamwambia miguu yote mizima kama ya mbuzi, namvuta mtoto tu. Akasema hata yeye angedanganya. Alipotoka nikatuma.

Alhamisi, 6 Machi
Jibu limekuja. Nimelisoma mwenyewe, kidole juu ya kila neno.
"Mama, simu imeandika yote, hadi miguu ya mbuzi. Ukinikumbuka niambie tu umenikumbuka. Likizo yangu ni Agosti."
Aibu! Kumbe kile kipaza sauti sikukizima. Nikakigusa tena nimwambie hilo neno lenyewe. Halikutoka. Simu ikanisubiri, ikanisubiri, mwisho ikajizimia.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe iko njia nyingine. Unaandika kwa kidole juu ya kioo, kama ubaoni, herufi kubwa upendavyo. Nikaandika NIMEKU. Nikafuta. Agosti ni mbali mno jamani, na neno hilo likishaingia kwenye simu nitalia mbele ya wateja. Nikaandika JINO LINANIUMA SANA. Kimya kimya, hata Mama Pacha hakusikia kitu. Nimetuma. Sasa nafua shuka za kitanda cha mwanangu.