Mkate Juu ya Riwaya ya Bi Pell

Jumatatu, 3 Machi
Daktari Askew (si wa sindano, wa vitabu) amerudi kwenye maktaba ya kanisa letu. Anaitayarisha ichapishwe upya riwaya ya Bi Honoria Pell, ya mwaka 1768, iliyosahauliwa hata na panya. Miaka tisa anaihangaikia! Kazi ni ya watu wawili: mmoja anasoma nakala yetu kwa sauti, kila mkato, kila nukta. Mwingine anafuatisha kwenye nakala ya pili, kuona zinapotofautiana. Nikaomba kusoma. Akamchagua Enid Crabbe, mpiga kinanda. Eti mimi nasoma kama nahubiri! Mimi, mtunza funguo wa maktaba kwa miaka ishirini! Ee Mungu, nataka jina langu tu kwenye ukurasa wa shukrani. Ni dhambi?

Jumanne, 4 Machi
Leo kanisani tumekula chapati za maji, za kuaga vinono kabla ya mfungo wa Kwaresima. Enid kala sita. Mimi, wazo! Juzuu ya tatu ya riwaya ile imechafuliwa: mtu kachorachora pembezoni kwa penseli. Nikakumbuka dawa ya marehemu mama ya kufuta penseli: mkate mkavu. Nimesugua mpaka kengele ya jioni. Imetakata!

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Daktari alifungua juzuu. Akaketi. Akauliza polepole maandishi yako wapi. Nikajibu kwa fahari. Ole wangu! Maandishi yale ya penseli yalikuwa ya mkono wa Bi Pell mwenyewe. Alikuwa ameubadilisha mwisho wote wa hadithi, na Daktari alileta kamera leo apige picha. Enid akanitolea macho: “Kitabu si sufuria, Bwana Pottle!” Daktari hakunigombeza. Alinipa leso, maana aliyelia ni mimi. Hiyo ndiyo imeniuma. Majivu kwenye paji la uso, makombo mikononi.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kasema jina langu litaingia kitabuni. Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo: maandishi ya mwandishi yalifutwa na G. Pottle, kwa mkate. Kasema pia amenisamehe.

Jumamosi, 8 Machi
Muujiza! Ukurasa wa mwisho kabisa, mstari mmoja umenusurika! Umefifia sana: “Asirudi kwa mumewe. Mwacheni aende...” Nimepiga magoti, nikashukuru. Lakini macho ya Daktari yamechoka, maskini, atauonaje? Nimeupitishia wino mweusi, kwa mwandiko wangu wa Jumapili. Neno la mwisho halikusomeka, nikalimalizia mwenyewe: “kanisani.” Jumatatu atafurahi huyo!