Lugha Isiyo na Akidi

Mwaka 1996, mwanzoni mwa kiangazi, Shirika la Maghala na Mizani mjini Mwanza lilitangaza kwamba, kwa kuzingatia matakwa ya soko huria, kila mtumishi alikuwa huru kutumia lugha yoyote ya kompyuta, mradi iwe ile iliyokwisha kuchaguliwa na wengi. Mimi nilikuwa katibu wa Kamati ya Uhuru huo.

Mkosaji alipatikana siku ya pili. Mzee Projest Rugemalira, fundi wetu wa mizani, alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoinunua mnadani na kuifufua mwenyewe. Kila jioni aliiandikia programu kwa lugha iitwayo Forth. Utafiti wa kina, uliofanywa kwa kuuliza korido nzima, ulithibitisha kwamba hakuna mwingine aliyeijua kutoka Nyakato hadi Nyegezi. Kwa hiyo lugha hiyo haikuwa na akidi. Kompyuta, kwa kuwa ilikaa katika nyumba ya Shirika, ilichukuliwa; angerudishiwa iwapo tu angeeleza faida yake.

Mwenyekiti wa kikao alikuwa Meneja Mkuu, Bwana Luhende, kijana mwenye tai tatu na semina nyingi.

"Mzee Projest, lugha hii inakuingizia nini?"

"Raha, Bwana Meneja."

Niliitazama fomu. Ilikuwa na visanduku vitatu: mafunzo, mauzo, maagizo kutoka juu.

"Raha haimo," nikasema.

"Basi andika pembeni, mama."

"Pembeni ni pa mhuri."

Luhende akacheka. "Mzee, acha longolongo. Wenzako Dar wanatumia za kisasa. Wewe unang'ang'ania nini?"

"Hii inanipa maneno machache tu. Mengine nayatunga mwenyewe, moja juu ya jingine, kama mtu ajengaye kwa matofali aliyoyafyatua kwa mikono yake. Likienda kombo, mwenye kosa ni mimi peke yangu, na ninamwona. Katika ofisi hii nimekaa miaka ishirini na miwili. Raha hiyo sijaipata hata siku moja."

Kauli hiyo ilikuwa na dalili zote za uchochezi.

"Mtambo ubaki kwangu kwa uchunguzi," akaamuru Meneja.

Uchunguzi ulipangiwa siku tatu, ukachukua wiki tano. Mlango wa Meneja ulifungwa kwa ndani. Wageni kutoka wizarani walikaa kwenye benchi, wakanywa soda, wakaondoka. Justa, mpishi wa chai, aliripoti kwamba bosi alikuwa akicheka peke yake na kupiga kelele: "Haa! Kumbe ni mimi!"

Kanuni haina shemeji. Nilimwita mbele ya kamati aliyoiongoza mwenyewe.

"Bwana Luhende, mtambo huu unakuingizia nini?"

Alivitazama visanduku vitatu, kisha viatu vyake.

"Raha," akasema kwa sauti ndogo.

"Haimo."

"Najua haimo! Fomu hii niliitunga mimi."

"Basi mwenye kosa tumemwona," nikasema, nikaandika hivyo katika kumbukumbu za kikao, na kwamba kompyuta irudishwe kwa mwenyewe.

Alasiri hiyo Meneja Mkuu alipita katikati ya Nyakato kwa miguu, kompyuta begani, tai imelowa jasho, nami nyuma yake na hati ya makabidhiano. Mzee Projest alifungua mlango.

"Shikamoo, mzee. Nimekuletea mali yako."

"Marahaba."

"Naomba... niwe ninakuja jioni. Kidogo tu."

"Kwa faida gani?" akauliza mzee.

Luhende akaingia ndani, akaitua kompyuta mezani kwa mikono miwili, pamoja na nyaya zake zote.