Fomu Mbili za Merle

Jumatatu, 13 Novemba
Barafu imeganda kwenye kioo cha gari ninamolala. Kwa ndani! Nimeikwangua kwa kadi ya maktaba.

Habari kubwa: jiji limenunua moteli ya zamani, linaigeuza vyumba arobaini vya watu wasio na makazi. Kodi kulingana na kipato. Waombaji mia tatu na ushei. Mwisho wa fomu Alhamisi. Verna, anayelala kwenye gari la pembeni hapa uwanja wa kanisa, kasema ameshajaza, kaandika ukweli mtupu. Maskini! Ukweli, tena kwa serikali!

Jumanne, 14 Novemba
Nimepiga bao. Nani atampa chumba mlala garini? Watataka mtu wa kuaminika. Nimeandika naishi kwa binamu yangu Leland, chumba changu mwenyewe, chenye joto. Nimekabidhi.

Verna kauliza mbona natabasamu. Nikasema mambo ya wanaume. Kanijibu, "Merle, wewe ukitabasamu tu, ujue balaa linakuja."

Jumatano, 15 Novemba
Tangazo kwenye kioo. Kanisa linahitaji uwanja kwa ajili ya kuzoa theluji. Gari litakalokutwa tarehe 22 litavutwa. Siku saba! Vidole vya miguu sivisikii.

Mchana, maktabani, Verna kanisomea masharti ya fomu. Aliyekaa muda mrefu bila nyumba ndiye mwenye alama nyingi. Mwenye paa, sifuri. Nikamwomba arudie. Sifuri! Miaka mitatu ya kulala nimejikunja kama kamba, na nimeifuta kwa kalamu yangu mwenyewe.

Alhamisi, 16 Novemba
Ofisi hufungwa saa kumi na moja. Gari likagoma kuwaka. Nikapanda kilima kwa miguu juu ya barafu, nikaanguka mara mbili. Nimefika zikiwa zimebaki dakika kumi. Foleni!

Dirishani, karani, Bi. Haugen, akauliza kwa nini nabadilisha maelezo. Nikasema Leland amefariki. Ghafla tu. Jana.

Akanitazama. Akasema marehemu alipiga simu asubuhi hiyo, baada ya ofisi kumwachia ujumbe wa kuhakiki, anataka kujua nani kamwandika kuwa anaishi na mimi.

Nikaitazama saa ya ukutani. Ndipo sauti ya Verna nyuma yangu, kumbe kanifuata: "Mama, huyu ni mwongo wa kuzaliwa. Lakini nyumba hana. Mimi shahidi, miaka mitatu namsikia akikohoa." Akatia saini.

Bi. Haugen akanisukumia fomu mpya. Dakika nne, kasema, na safari hii ukweli. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Sijazoea.

Jumatano, 22 Novemba
Gari la kuvuta lilishaingia uwanjani tulipokuwa tunasoma orodha mlangoni pa ofisi ya jiji. Verna wa kumi na mbili. Mimi nikatafuta. Ishirini, sipo. Thelathini, sipo. Verna kanishika mkono kwa nguvu mpaka ukauma. Thelathini na tisa! Funguo leo leo.

Jumapili, 26 Novemba
Nimekaa sakafuni nimeegemea kipasha joto. Nimelia kidogo. Hakuna aliyeona.

Nimegundua kuwa wanandoa hupewa vyumba vya juu, vikubwa, vyenye jiko na dirisha la ziwani. Kwa hiyo leo nimemwandikia msimamizi barua kwamba mimi na Verna ni mume na mke, tangu mwaka 1998.

Verna bado sijamwambia.