Nilivyonyimwa Kazi na Adabu ya Wanafunzi Wangu

Leo nimeaibika, tena mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wangu mwenyewe. Naandika haraka haraka kutoka chumba cha kompyuta hapa chuoni kabla Kamau hajawafikia. Kamau ni yule Mkenya ninayesoma naye. Alikuwepo, ameona kila kitu, na njia nzima alikuwa anacheka mpaka usukani unamshinda. Na yeye yumo kwenye orodha hii ya barua pepe. Bora mnisikie mimi kwanza.

Mnajua kwamba nyumbani nilikuwa mwalimu. Kiingereza, miaka sita, kidato cha kwanza mpaka cha nne, Morogoro. Hapa Minneapolis naosha trei kwenye bwalo la chuo. Sidharau kazi (trei zangu zinang'aa, aulizwe yeyote), ila pale bwaloni hakuna anayeniita Mwalimu, na jambo hilo linaniuma kuliko baridi. Ndiyo maana tangu Septemba, kila Jumamosi asubuhi, najitolea kufundisha Kiingereza cha mwanzo kule New Hope, kwenye chumba cha chini ya kanisa. Wanafunzi ni kumi na wawili, watu wazima, wote wanazungumza Kihispania, wengi wametoka Mexico. Mwezi uliopita tukaambiwa darasa litakuwa la siku nne kwa wiki na mwalimu ataajiriwa. Kuajiriwa kweli, na jina lake mlangoni. Msimamizi angekuja leo kunikagua.

Niliitaka kazi hiyo mpaka nikawa naiota.

Sasa nieleze kosa langu, ingawa mpaka dakika hii sikubali kwamba ni kosa. Watu hawa walipoanza walikuwa kimya. Wanatoka kazini wamechoka, wanaona haya. Mama Consuelo, anayesafisha ofisi Maple Grove na ana wajukuu watatu, ukimuuliza kitu anatazama viatu vyake. Don Chuy, fundi wa mapaa, anajibu ndani ya masharubu. Basi nikawafundisha kama nilivyofundishwa mimi. Mwalimu akiingia, simama. Mgeni akiingia, simama. Mkubwa akikuuliza swali, jibu pamoja na wenzako, kwa sauti: "Yes, teacher. Thank you, teacher." Mkijibu kwa pamoja hakuna anayeona haya, na ukikosea hakuna anayejua ni wewe.

Na wakafunguka! Kufikia Novemba chumba kilikuwa kinatetemeka. Wanajua kutofautisha he na she. Wanajua Kiingereza hakikubali sentensi isiyo na mwenyewe, kwamba hata mvua ikinyesha lazima atajwe anayenyesha, ingawa hayupo. (Wao wanaona ni upuuzi. Na mimi naona ni upuuzi. Kitenzi chao kinambeba mtendaji ndani kama chetu, ndiyo maana tunaelewana.) Mimi nilikuwa najivunia watu wale.

Leo Kamau akanipeleka kwa gari lake, theluji imejaa barabarani. Akasema atakaa aone vile Watanzania wanafundisha. Nikamweka dirishani, karibu na birika la kahawa.

Saa nne kamili msimamizi akafika. Anaitwa Carol, mama wa Kimarekani mwenye sauti ya chini na sweta lenye picha ya kulungu, amebeba ubao wake mdogo wa kuandikia na kikombe cha kahawa. Alikuwa ananyata asitusumbue, maskini. Darasa zima likasimama. Viti vikakwaruza sakafu.

"Good morning, madam! How are you, madam?"

Carol alirudi nyuma mpaka mlangoni. Kahawa ikammwagikia kulungu.

"Jamani, kaeni tu," alisema.

Hawakukaa. Walinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, wakakaa wote kwa mpigo mmoja. Nikamwona Carol anaandika. (Nidhamu, nikajiambia. Ameiona nidhamu.)

Somo lilikuwa kuuliza maswali kwa do na does. Lilikwenda vizuri kupita nilivyoomba. Don Chuy akamuuliza Mama Consuelo kama anakunywa kahawa. Mama Consuelo, ambaye hagusi kahawa kwa sababu ya presha, akajibu ndiyo, asante. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Sikushtuka.

Kisha Carol akasimama mbele. "Vizuri sana. Sasa nitawauliza wanafunzi maswali machache. Mwalimu, tafadhali usiwasaidie."

Nikasogea dirishani kwa Kamau, na fimbo yangu mkononi. Ni fimbo ya kuonyeshea maneno ubaoni. Narudia: ya kuonyeshea.

"Mnalipenda darasa hili?" Carol aliuliza kwa Kiingereza, akisoma kwenye fomu.

"Yes, teacher! Thank you, teacher!"

Akatabasamu, akaweka alama. "Mnajifunza mambo mapya?"

"Yes, teacher! Thank you, teacher!"

Kamau akaninong'oneza, "Mwalimu, hiyo job umeshika. Lunch ni juu yako."

Carol akafunua ukurasa wa pili. Sijui ni nani aliyetunga ukurasa ule, lakini ningependa kukutana naye.

"Mwalimu huwa anakwenda haraka kupita kiasi?"

"Yes, teacher! Thank you, teacher!"

Tabasamu likapungua. "Kuna wakati mnamwogopa?"

"Yes, teacher! Thank you, teacher!"

"Samahani, nataka kuwa na hakika. Mnamwogopa mwalimu wenu?"

Wakadhani mgeni hasikii vizuri. Wakaongeza sauti.

Mimi pale dirishani natikisa kichwa karibu kikatike. Mama Consuelo akaniona. Akadhani nasikitika kwamba bado hawajasikika vya kutosha, basi akawageukia wenzake akawainulia mikono kama kiongozi wa kwaya. Mama ambaye Septemba alikuwa anatazama viatu!

"Mngependa kupata mwalimu mwingine?"

Vioo vya dirisha vilitikisika. Don Chuy alijibu akiwa amesimama, mkono kifuani. Don Chuy, ambaye wiki iliyopita aliniletea chakula alichopika mkewe, kimefungwa kwenye taulo kisipoe.

Hapo nikasahau nimekatazwa. Nikapiga hatua mbele, nikanyanyua fimbo, nikasema, "No! Say no!"

"No, teacher! Thank you, teacher!"

Kisha wote kumi na wawili wakakaa wima, mikono juu ya meza, kimya kabisa. Darasani kwangu fimbo ikinyanyuliwa maana yake ni kwamba tunatazama ubao. Carol angejuaje? Alitazama fimbo. Akatazama ile mikono. Akanitazama mimi, akaandika kwa muda mrefu sana.

Jamani, sijawahi kumgusa mtu. Don Chuy ni mtu wa kupanda mapaa ya ghorofa, mimi nimchape na nini?

Akaniita koridoni. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka shingoni. Nilikuwa nimeshapanga kila neno: miaka sita ya kufundisha, na watu waliokuwa mabubu sasa wanasikika mpaka barabarani. Na kwamba anayejibu ndiyo kwa kila kitu hajasema lolote bado, amekuheshimu tu, na mkaguzi mwenye macho angeligundua hilo. Nilitaka nimwambie yote.

Carol akanishika mkono. Akasema, kwa upole ule wa watu wa huku unaokuzuia hata kukasirika, kwamba anaona ninavyojitahidi, kwamba niendelee kujitolea, ila kwa ile ajira watatafuta mtu mwingine. "Unakubali kwamba ni afadhali hivyo?"

Nikanyooka. Miguu pamoja, mikono nyuma.

"Yes, madam," nikasema. "Thank you, madam."

Sikusema mimi. Ilisema shule ya msingi. Carol akaweka alama yake ya mwisho, akanishukuru kwa kulipokea vizuri, akaenda zake.

Kamau alikuwa amesikia kila neno kutoka mlangoni. "Aki Mwalimu," akasema, ameshika ukuta, "si ungekataa hata kidogo? Ume-sign mwenyewe."

Kwa hiyo kazi imekwenda, na roho inaniuma, sitawaficha. Nilirudi darasani nikawakuta wameng'aa kama watu waliofaulu mtihani. Mama Consuelo akanifuata mpaka mezani. Hakusubiri wenzake. Akaniuliza kwa Kiingereza, taratibu, akiyatafuta maneno moja moja, kama wamenisaidia.

Nikamwambia ndiyo, mmenisaidia sana. Nyie mlitaka nijibu nini?

Jumamosi ijayo nitakuwepo, kwa kujitolea kama kawaida, na somo ni kukataa. Nitakaa na mimi nijifunze. Nyie msicheke, nawaomba. Na asiyeweza kujizuia acheke peke yake, kwa zamu, maana mambo ya kwa pamoja yamenitosha.